Wakaguzi warudi kwanza, mengine yafuate

Mwandishi wa makala kuhusu mpango wa nyuklia wa Iran, ninayoijibu hapa, anasema diplomasia na Iran imeshindwa. Mimi nakataa. Haikushindwa, iliachwa njiani. Makubaliano ya Julai 2015 kati ya Iran na mataifa makubwa yaliibana Iran isirutubishe urani (yaani kuikoleza ifae kwa nishati au bomu) kupita asilimia 3.67, na wakaguzi wa IAEA, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, walithibitisha mara kwa mara kwamba inatimiza masharti hayo. Marekani ikajitoa Mei 2018. Iran ilianza kuvuka viwango vya makubaliano hayo mwaka uliofuata, na kufikia Aprili 2021 ilikuwa inarutubisha hadi asilimia 60.

Siitetei Tehran. Asilimia 60 haina matumizi ya maana kwenye vinu vya umeme, na kuwanyima wakaguzi majibu kuhusu chembechembe za urani zilizokutwa kwenye maeneo ambayo haikuyatangaza ni kosa. Bodi ya IAEA ilitamka hivyo tarehe 12 Juni 2025. Kesho yake Israel ikashambulia, nchi ambayo yenyewe haijawahi kutia saini Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia! Siku tisa baadaye Marekani ikapiga maeneo ya nyuklia ya Iran ya Fordow, Natanz na Isfahan.

Tukapata nini? IAEA ilikadiria Iran ilikuwa na zaidi ya kilo 400 za urani ya asilimia 60 vita vilipoanza. Bomu halihesabu kilo. Anayehesabu ni mkaguzi, naye baada ya mashambulizi alifungiwa mlango. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko hotuba zote, na makala imelipitia kwa sentensi moja tu.