Daktari aambiwe au asiambiwe?

Wanaume gei wanaoishi na VVU wakianza kuongelea hospitali hawamalizi bila kubishana hili: je daktari ajue na kwamba mimi ni gei, au kujua nina VVU inamtosha? Mi naona pande zote mbili zina hoja, ila hazina uzito sawa kila mahali.

Wanaosema aambiwe wanaanzia kwenye vipimo. Daktari anapima kile anachokihisi, na magonjwa ya zinaa kama kisonono au klamidia yanaweza kukaa kooni au njia ya haja kubwa bila dalili yoyote, sasa ukipimwa mkojo peke yake majibu yanarudi safi na ugonjwa unarudi nao nyumbani. Nani atakumbuka kuchukua sampuli huko nyuma wakati anaamini una mke? Alafu kuna saratani ya njia ya haja kubwa, hawa jamaa wako kwenye hatari kubwa kuliko watu wengi sana, na utafiti wa ANCHOR uliofanyika Marekani ulionyesha 2022 kwamba kutibu seli zilizoanza kubadilika kabla hazijawa saratani kunapunguza hatari kwa zaidi ya nusu. Hiyo si faida ndogo.

Ila ukishasema haliishii kwa daktari. Linaingia kwenye faili, faili linapita mapokezi, kwa nesi, maabara, na kwenye nchi ambazo mapenzi ya jinsia moja ni kosa la jinai hayo maandishi yanaweza kukugeukia. Mwingine anapewa mahubiri badala ya huduma, anaona aibu, anaruka kliniki, dozi zinakatika na virusi vinapanda tena. Kama kunyamaza ndo kunamfanya ameze ARV kila siku na virusi vifubae, siwezi kumlaumu. Na vikishafubaa haambukizi mwenzake kwa ngono, utafiti wa PARTNER2 wa 2019 ulifuatilia jozi karibu 800 za wapenzi wa kiume na hakuna aliyeambukizwa na mwenzi wake aliye kwenye dawa (bado kuna mhudumu anavaa glavu mbili kukupima presha tu, sijui anaogopa nini).

Kwa maoni yangu pasipo na usalama mtu aombe kipimo bila kujieleza, "naomba nipimwe na kooni na huko nyuma", basi. Na kliniki nazo ziulize kila mgonjwa maswali yale yale, wasisubiri mtu ajitaje.

Ila kuna umri ambao kuficha kunakuwa kugumu. Walioanza dawa za mchanganyiko 1996 wengi sasa ni wazee, wengine wanaogeshwa na kulishwa na wahudumu, picha ya mwenzi iko pale mezani, utasema ni nani? Kwenye fomu ya ndugu wa karibu mwenzi wa miaka yote anaandikwa rafiki, siku ya kuamua kuhusu upasuaji anapigiwa simu kaka ambaye hawajasalimiana miaka. Pale ambapo sheria inamruhusu mgonjwa kuchagua mtu wa kumwamulia, hiyo karatasi ijazwe mapema akili ikiwa bado nzima, hata na yule ambaye kwa daktari kaamua kukaa kimya.