Senene Wapimwe kwa Kipimo Gani?

Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu vyakula vipya, inayotumika tangu 2018, humtaka anayeuza wadudu kama chakula athibitishe kwanza kwamba hawana madhara. Hata hivyo, kanuni hiyo imeacha njia nyepesi kwa chakula cha asili kilicholiwa na watu wengi nje ya Ulaya kwa miaka isiyopungua 25. Watetezi wa senene, panzi wanaoliwa huko Kagera (Tanzania) na Masaka (Uganda), wana hoja nzito hapo: mazoea yatosha kuthibitisha usalama, kwa kuwa Wahaya na Waganda wamewala vizazi na vizazi, na kumtaka mama anayeuza senene Bukoba aanzie maabara ni kumfukuza sokoni.

Hoja hiyo naikubali, ila ina mpaka wake. Mazoea ya wazee yanathibitisha usalama wa senene waliokamatwa, wakachambuliwa mbawa na miguu, kisha wakakaangwa siku hiyohiyo. Hayasemi lolote juu ya senene walionaswa kwa taa kali na mabati, wakasafirishwa usiku kucha wakiwa wamesongamana kwenye magunia, kisha wakafungwa kwenye plastiki na kukaa dukani kwa wiki kadhaa. Mwaka 1980 jarida la British Medical Journal liliripoti mkasa wa botulizimu (ugonjwa wa kupooza unaoletwa na sumu ya bakteria kwenye chakula) nchini Kenya uliotokana na ulaji wa kumbikumbi, chakula cha kale kabisa. Bakteria wanaotengeneza sumu hiyo hustawi pasipo na hewa, na mbegu zao hustahimili kuchemshwa; kwa hiyo mfuko uliozibwa kabla wadudu hawajakauka sawasawa ni wa kuogopwa.

Maabara nayo huona yasiyoonekana jikoni. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipotoa maoni, Januari 2021, kwamba viwavi wakavu wa unga (mabuu ya mende wa unga) ni salama kuliwa, ilitahadharisha kuhusu mzio, na wenye mzio wa kamba wa baharini wako hatarini zaidi. Lakini viwavi hao hufugwa kwa lishe inayojulikana, ilhali senene hutoka porini, na sampuli ya msimu huu haiwezi kudhamini msimu ujao.

Kwa maoni yangu, kinachostahili kupimwa kwanza ni safari ya senene: saa zinazopita kati ya mtego na karai, ukavu wao, na namna wanavyofungashwa. Sampuli zichukuliwe sokoni kwa gharama ya serikali, na majibu yatoke haraka, kwani msimu wa Novemba na Desemba hauwangoji wapimaji.