Sheria za mirathi na ndoa: tuulizwe, ila tuulizwe nini?

Kila ikitajwa kubadili sheria ya ndoa au ya mirathi hapa Tanzania jibu linalokuja ni moja, kwanza tukusanye maoni ya wananchi. Mi zamani nilikuwa nalipenda sana hilo jibu, maana sheria inayoingia mpaka chumbani kwako na shambani kwako huwezi kuja kuisikia redioni imeshapita. Ila kadiri nnavyofuatilia naona kuna swali tunaliruka: maoni kuhusu kitu gani hasa, na ya nani?

Wanaodai maoni wana hoja nzito, tusiwapuuze. Mwaka 1969 serikali ilitoa Waraka Namba 1, mapendekezo ya sheria moja ya ndoa kwa watu wote, ikawaalika wananchi waujadili. Watu wakabishana kwelikweli, wake wengi, ridhaa ya mke wa kwanza, dini, mila, na 1971 ikazaliwa Sheria ya Ndoa inayobeba ndoa ya kiislamu, ya kikristo, ya kimila na ya bomani zote pamoja. Na ina vitu vya maana, mfano kifungu cha 59, mume hauzi nyumba ya ndoa bila mke kuridhia, halafu kifungu cha 114 cha mgawanyo wa mali, ambacho ndo Mahakama ya Rufani ilikitumia 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango kwenye mali. Jirani zetu Kenya waliunda tume yao 1967, miswada ya ndoa ikawa inakwama bungeni kila ikirudi, mpaka 2014 ndo wakapata sheria moja. Kwa hiyo kuulizana kulishatusaidia.

Upande wa mirathi ndo pagumu. Ukienda Kilimanjaro kihamba sio shamba tu la migomba na kahawa, babu amelala pale, bibi amelala pale, na wazee wanakwambia binti akiolewa watoto wake ni wa ukoo mwingine, sasa kesho kihamba kikiuzwa tutaenda kutambikia kwenye ua wa mtu baki? Mi siwezi kuwaita wazee hawa wachoyo. Wanaogopa kitu cha kweli, ardhi imekuwa ndogo, kihamba kimegawanywa mpaka hakigawanyiki tena. Na waislamu nao wana hofu yao, mirathi kwao ni amri iliyoandikwa, mjane mwenye watoto ana thumuni yake inajulikana, wanajiuliza hiyo sheria moja itakuja kufuta nini. Hapo hujagusa ile Sheria ya Mirathi ya India ya 1865 ambayo bado inatumika kwa wengine, yaani sheria imeandikwa kabla hata mjerumani hajaanza kutawala huku.

Sasa geuka uone tunaishi na nini. Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, lililoandika sheria za kimila, linapanga warithi kwa madaraja, mtoto wa kiume wa kwanza juu, wanaume wengine wanafuata, mabinti daraja la tatu, na ardhi ya ukoo binti anaitumia tu, kuuza hapana. Mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Mama yangu mdogo ameishi hicho kifungu. Mumewe alipofariki kikao cha ukoo kilikaa siku ya kuvunja matanga, wanaume barazani, yeye jikoni anachemsha chai ya hao hao waliokuwa wanamjadili. Alipoenda mahakamani kufungua mirathi karani akamuuliza muhtasari wa kikao cha ukoo uko wapi, na muhtasari alikuwa nao shemeji yake ambaye ndo kateuliwa msimamizi. Kahawa alipanda yeye, mashimo walichimba wote wawili, kwenye karatasi jina lake halipo popote. Miaka baadaye wakaitwa kijijini kutoa maoni kuhusu mirathi, saa nane mchana, yeye na wajane wenzake wamekaa mwisho kabisa kwenye mkeka, mbele kwenye viti ni wale wale wa ukoo. Mwishoni wakaulizwa, akina mama mna la kuongeza? Atasema nini pale, na usiku anarudi kulala kwenye nyumba ambayo shemeji anaweza kumtoa? Akanyamaza, wote wakanyamaza, na nna uhakika kimya kile kiliandikwa kwamba wamekubali.

Ndo maana nasema kuna mambo hayapaswi kupigiwa kura ya mkutano. Umri wa ndoa, Mahakama Kuu ilisema 2016 kwenye kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi kwamba kumruhusu binti aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi ni kinyume cha Katiba, Mahakama ya Rufani ikakazia Oktoba 2019, serikali ilitakiwa irekebishe sheria ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita na tukaambiwa maoni yanahitajika zaidi. Yule binti wa miaka 15 hata kura hapigi, leo haki yake wanaijadili watu wazima kwa niaba yake!

Wajane hivyo hivyo. Wawili walienda Mahakama Kuu kupinga hizo kanuni za 1963, hukumu ikatoka 2006, mahakama ikakiri kwamba ni za kibaguzi lakini ikakataa kuzifuta, ikasema kubadili mila kuanzie kwenye halmashauri za wilaya. Wakafika mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao. Miaka yote hiyo, na wao walitaka tu fungu kwenye mali waliyochuma na waume zao.

Mi ningegawa swali. Kama mjane anarithi au harithi hilo lisiulizwe tena, Katiba ina haki za binadamu tangu 1984. Tuulizwe atarithi vipi, na hapo wazee wa ukoo wana elimu kuliko wanasheria wa mjini. Angalia Kagera kwa wahaya, Bi Holaria Pastory aliuza ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake, kwa shilingi 300,000, mpwa wake akapinga kwa kuwa ni mwanamke. Jaji Mwalusanya 1990 akasema mwanamke anauza kama mwanaume anavyouza, ila ile mila ya kihaya ya ndugu kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi hela yake akaiacha, ikamhusu mwanamke na mwanaume sawa. Ona, ukoo ulilindwa na yule mama hakunyang'anywa haki. Vitu kama hivyo ndo vya kuwauliza watu: makaburi yatengwe vipi, ndugu wapewe muda gani wa kununua kwanza, wake watatu na watoto wao wanagawanaje, msimamizi akila mali nani anamshitaki na mahakama iko kilomita 40.

Na mkija kuuliza, wajane kaeni nao peke yao, jioni wakishatoka shamba, anayeandika awe mwanamke, na kabla hajaondoka awasomee alichoandika.