Mapango ya Mogao: Skrini Imewapunguza Wageni au Imewaongeza?

Mwongozaji anayewatembeza wageni katika Mapango ya Mogao hubeba funguo na tochi. Hufungua mlango wa pango, huliingiza kundi lake gizani, humulika kipande kimoja cha ukuta baada ya kingine huku akieleza, kisha baada ya dakika chache huwatoa wote, hufunga na kuelekea mlango mwingine. Kupiga picha ndani ni marufuku. Kwa utaratibu wa kawaida, mgeni mwenye tiketi kamili huonyeshwa mapango manane, ilhali mapango yenye michoro na sanamu ni 492.

Mapango hayo yamechongwa kwenye jabali lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, karibu na mji wa Dunhuang katika jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi mwa China. Dunhuang ilikuwa kituo cha Njia ya Hariri: misafara iliyotoka China ilipumzika hapo kabla ya kuzunguka jangwa la Taklamakan, na hapo ndipo njia zilipogawanyika, moja ikipita kaskazini na nyingine kusini. Maandishi ya kale yanasema kuwa mtawa wa Kibudha aitwaye Yuezun alichonga pango la kwanza mwaka 366. Baada yake watawa, wafanyabiashara, maofisa na koo tajiri za mji ziliendelea kuchonga na kuchora hadi karne ya 14. Kilichobaki ni kiasi cha mita za mraba 45,000 za michoro ya ukutani na sanamu zaidi ya 2,000 za udongo. UNESCO iliyaingiza mapango haya katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987.

Tangu mwaka 2014, ziara ya Mogao haianzii tena pangoni. Mgeni huweka nafasi mapema kupitia intaneti na kufika kwanza katika kituo cha wageni kilichojengwa mbali na jabali. Hapo hutazama filamu mbili za dakika 20 hivi kila moja, ya kwanza ikieleza historia na ya pili ikionyeshwa ndani ya kuba ili picha za mapango zimzunguke mtazamaji juu na pande zote, kisha hupanda basi la kwenda mapangoni. Wapo wanaousifu utaratibu huu wa Taasisi ya Dunhuang, inayoyasimamia mapango, kuwa mfano wa kuigwa wa kuoanisha hifadhi na utalii. Wengine wanasema mgeni anauziwa sinema mahali pa kitu chenyewe, na kwamba sinema hiyo imekuwa tangazo linalowavuta watu wengi kuliko ukuta unavyoweza kustahimili. Naona kila upande una jambo la kweli, ingawa uzito wake si sawa.

Ili kuelewa kwa nini mlango hufungwa haraka hivyo, ni lazima kujua ukuta wenyewe ulitengenezwa vipi. Jabali la Mogao ni changarawe iliyoshikamana kwa ulegevu, haifai kuchongwa nakshi. Mafundi walilazimika kukandika, kama anavyokandika yeyote anayejenga nyumba ya udongo: tabaka la kwanza la udongo uliochanganywa na mabua, juu yake tabaka jembamba lililolainishwa vizuri, na juu ya hilo rangi zilizoshikizwa kwa gundi ya wanyama. Ndani ya jabali na ndani ya udongo huo mna chumvi. Hewa ikiwa kavu, na Dunhuang hupata mvua ya milimita 40 hivi tu kwa mwaka, chumvi hiyo hutulia. Unyevu unapozidi, chumvi huuvuta na kuyeyuka, na hewa inapokauka tena chumvi hugeuka kuwa fuwele ambazo, kwa kadiri zinavyokua, huusukuma udongo na rangi kutoka ndani. Jambo hilo likijirudia mara nyingi, udongo huvimba, huwa kama unga, na hatimaye huanguka ukiwa umebeba uso wa Budha au mkono wa mpiga zumari. Utafiti wa pamoja wa Taasisi ya Dunhuang na Taasisi ya Hifadhi ya Getty ya Marekani, ulioanza mwaka 1989 na baadaye kujikita katika Pango la 85, ulilifuatilia jambo hili kwa undani mkubwa. Leo vipimo vilivyowekwa ndani ya mapango vikionyesha kwamba unyevu wa hewa umevuka asilimia 62, pango hufungwa mpaka hali itulie. Mapango mengi ya Mogao hayafiki mita za mraba 25, na kila mtu anayeingia huingia na joto lake na pumzi zake.

Mtu aliyelibeba suala hili kwa muda mrefu ni Fan Jinshi, mwanaakiolojia aliyehitimu katika Chuo Kikuu cha Peking na kuanza kazi Dunhuang mwaka 1963, akaja kuiongoza taasisi kuanzia mwaka 1998. Hakukaa sana katika nafasi hiyo kabla ya kuletewa pendekezo la kuyaunganisha mapango na kampuni ya utalii ambayo ingeuza hisa zake sokoni. Alilikataa, akasimamia mambo mawili: sheria ya jimbo la Gansu ya kuyalinda mapango, iliyoanza kutumika mwaka 2003, na kazi ya kuipiga picha kila sehemu ya kila pango na kuihifadhi kwenye kompyuta, wazo alilokuwa nalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Picha hizo zilikusudiwa kwanza kuwa kumbukumbu ya ukuta kabla haujaharibika zaidi. Baadaye ndipo zilipoonekana kuwa zinaweza pia kumpokea mgeni.

Hesabu za wageni ndizo zinazoupa nguvu upande wa pili. Kabla ya kituo kufunguliwa, ilikadiriwa kuwa mapango yanaweza kupokea wageni 3,000 kwa siku bila kudhurika. Maelezo ya historia yalipohamishiwa kwenye filamu, muda wa mgeni kukaa jabalini ulifupishwa, na kiwango kikapandishwa hadi wageni 6,000. Mtetezi wa mpango atasema, na yuko sahihi, kwamba kinachoudhuru ukuta ni jumla ya muda ambao watu wanapumua mbele yake, wala si idadi ya tiketi zilizouzwa. Hata hivyo, jambo moja haliwezi kufichwa: nakala iliyotengenezwa ili kuyapumzisha mapango ndiyo iliyotoa ruhusa ya kuongeza watu maradufu. Tena kiwango hicho hakikutosha. Ikaongezwa tiketi ya pili, iliyoitwa ya dharura, inayoweza kuuzwa kwa watu hadi 12,000 zaidi kwa siku, ambao huonyeshwa mapango manne bila kupitia filamu. Hayo manne huchaguliwa miongoni mwa makubwa yanayostahimili zaidi, na hilo nalikubali. Lakini watu hao ndio walio wengi siku ya msongamano, nao wanaingia pasipo kupitia ule mlango wa skrini ambao ndio uliokuwa msingi wa hoja yote.

Watu hao wanatoka wapi? Sehemu kubwa ya jibu imo katika vyombo vya habari na sanaa za jukwaani. Mwaka 1979, mwaka uleule mapango yalipofunguliwa kwa umma, kikundi cha sanaa cha Gansu kilitoa tamthilia ya ngoma iliyoyafufua mapozi ya wachezaji waliochorwa ukutani, likiwemo lile la mchezaji wa Pango la 112 anayepiga ala ya nyuzi ya Kichina iitwayo pipa akiwa ameishika nyuma ya kichwa chake. Pozi hilo limekuwa alama ya mji mzima. Mwaka 1981 studio ya katuni ya Shanghai ilitoa filamu ya kulungu wa rangi tisa, iliyochotwa katika Pango la 257, na kizazi kizima cha watoto wa Kichina kikakua nayo. Februari 2020, wakati milango ilipofungwa kwa sababu ya korona, taasisi ilishirikiana na kampuni ya Tencent kuzindua programu ya simu ya kuyatembelea mapango kwa mbali. Kila kazi ya namna hii huwafurahisha watu na kuwafundisha, na papo hapo huwapa hamu ya kwenda. Sioni kosa katika hamu hiyo. Naona kosa pale inapodaiwa kwamba picha nyingi zaidi zitaleta msongamano mdogo zaidi, kwa sababu miaka zaidi ya 40 ya Dunhuang imeonyesha kinyume.

Je, nakala inampa mtazamaji nini, na inamnyima nini? Pango hilo la 257, la enzi ya Wei ya Kaskazini, linaweza kutujibu. Ukuta wake wa magharibi una ukanda mwembamba unaosimulia habari za kulungu aliyemwokoa mtu mtoni, mtu huyo akaapa kutomtaja, kisha akamsaliti kwa mfalme aliyetangaza zawadi kwa sababu malkia alitamani ngozi ya mnyama huyo. Mtu aliyezoea vitabu vya picha atatafuta mwanzo upande mmoja na mwisho upande mwingine. Mchoraji hakufanya hivyo. Uokoaji ameuanzisha upande wa kushoto, jumba la mfalme na usaliti upande wa kulia, na visa vyote viwili vinasogea kuelekea katikati, ambako kulungu amesimama wima mbele ya mfalme aliye juu ya farasi na kumweleza ukweli. Hapigi magoti. Pango lenyewe lina nguzo ya mraba ambayo waumini waliizunguka kwa ibada, kwa hiyo michoro ilikusudiwa kuonwa na mtu anayetembea. Kwenye simu, kidole huuvuta ukanda kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mkutano ule wa katikati hugeuka kuwa picha moja tu miongoni mwa nyingine.

Hata hivyo, ingekuwa dhuluma kuishia hapo. Mgeni aliye pangoni huona kulungu huyo kwa mwanga wa tochi ya mtu mwingine, juu ya bega la mtu mwingine, kwa muda mfupi. Mwaka 2016 taasisi iliweka mtandaoni picha za mapango 30, bila malipo, ambazo unaweza kuzikuza mpaka ukaona mkwaruzo wa brashi. Mwanafunzi wa sanaa aliyeko Bagamoyo, asiye na nauli ya kufika Gansu, anaweza kukaa mbele ya ukuta mmoja jioni nzima. Kwa utafiti, faida hii ni kubwa kuliko hasara zote nilizozitaja.

Lipo swali jingine ambalo wapenzi wa teknolojia hulipita haraka: nakala ni ya ukuta upi? Nyuso nyingi za Mogao leo ni nyeusi au za kahawia, zenye mistari minene inayozipa ukali. Wachoraji hawakuzichora hivyo. Rangi zenye madini ya risasi, zilizotumika kwa ngozi na kwa wekundu, zimegeuka kwa karne nyingi. Wachoraji waliokuja kunakili kwa mkono katika miaka ya 1940, wakati taasisi ilipoanzishwa chini ya mchoraji Chang Shuhong, na waliowafuata, walilitambua tatizo hili na wakatofautisha aina tatu za nakala: inayoonyesha ukuta ulivyo sasa, inayosafisha na kujaza sehemu zilizokatika, na inayojaribu kurudisha rangi za mwanzo. Kila nakala ilijulikana ni ya aina gani. Katika filamu za kuba na katika matangazo, aina hizi huweza kuchanganyika bila mtazamaji kuambiwa, naye akifika pangoni huona ukuta halisi kuwa umefifia, kana kwamba ndio nakala mbaya. Adabu ile ya wanakili wa mkono inapaswa kurudi kwenye skrini, hata kwa mstari mmoja wa maandishi chini ya picha.

Suala la maandishi ya Pango la 17 lina sura kama hiyo. Mtawa Wang Yuanlu aliligundua mwaka 1900 likiwa limejaa makumi ya maelfu ya hati. Mwanaakiolojia wa Uingereza Aurel Stein alizifikia mwaka 1907 na msomi Mfaransa Paul Pelliot mwaka 1908, wakaondoka na shehena kubwa kwa malipo madogo, na sasa hati hizo zimetawanyika London, Paris, Beijing, St. Petersburg na kwingineko. Mwaka 2023 lilizinduliwa pango la maktaba la kidijitali linalomwezesha mtu kuingia mahali hapo kama palivyokuwa. Ni kazi nzuri kwa mwanafunzi, lakini haimalizi hoja ya umiliki.

Kwa upande wa uchumi, mji wa Dunhuang uko jangwani na hauna chanzo kingine cha mapato kinachokaribia utalii. Wenye hoteli, madereva na wauza matunda wa soko la usiku wana haki ya kusikilizwa wanapopinga kupunguzwa kwa tiketi. Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka mapango yafungwe kabisa. Ninachopinga ni tiketi ya dharura kuwa jambo la kila kiangazi, na pia utaratibu wa kutoza malipo ya ziada kwa mapango maalumu, ambapo kipimo cha nani aone kazi bora zaidi kinakuwa mfuko wake. Kiwango cha wageni 6,000 kibaki palepale. Anayekosa nafasi aruhusiwe kutazama filamu kwa bei ndogo na kuingia katika mapango ya nakala yenye ukubwa kamili, ambayo taasisi tayari inajua kuyajenga na imekuwa ikiyapeleka kwenye maonyesho ya miji mingine. Huko ndani angeweza kukaa saa nzima, kupiga picha, na kuizunguka nguzo jinsi waumini walivyoizunguka, bila ukuta wowote kudhurika.