Eti Changarawe Inakula Bumu!

Juzi kwenye daladala ya kutoka Morogoro mjini, jamaa mmoja kavaa tai, saa nane mchana, jua la kupasua kichwa, akatutangazia kwamba Mzumbe bila chuo ni pori tu. "Hawa wanaishi kwa kula bumu la wanafunzi." Yaani ile hela ya mkopo wa serikali. Nikanyamaza. Konda alikuwa hajanirudishia chenji, na siwezi kugombana na watu wawili kwa mpigo. Sasa chenji ninayo.

Kula bumu! Mzee wa tai, uliwahi kupanga geto Changarawe, hapo jirani na chuo? Mimi nimekaa pale miaka mitatu. Zile wiki ambazo bumu halijaingia (mnazijua), aliyenilisha ni mama lishe mwenye daftari la kaunta lililong'oka jalada. Hakutaka mdhamini, hakutaka barua ya mtendaji, hakuuliza cheti cha kifo cha mzazi kama Bodi ya Mikopo. Aliandika tu "mrefu wa miwani, wali maharage 2" akaendelea kupakua. Mchele kanunua taslimu. Mkaa taslimu. Kabichi zilizoshuka Mgeta alfajiri, taslimu. Sisi ishirini tukila kwa mali kauli wiki tatu, ule ni mtaji wake unatembea matumboni mwetu, riba hakuna, na tukimaliza mitihani tukapotea hana pa kutushtaki. Ongeza mwenye nyumba anayeambiwa "mama, kodi wiki ijayo", ongeza wa steshenari anayekuchapia ripoti kwa ahadi. Nani anamlisha nani hapo?

Na wamezoea kupokea wageni wa kila aina. Mwaka 1953 Waingereza walipofungua hapo Mzumbe shule ya serikali za mitaa, chini ya milima ya Uluguru, wanafunzi walikuwa machifu na watumishi wao. Mwaka 1963 serikali ikaufuta uchifu. Hebu fikiria, una shule ya machifu na nchi haina machifu! Shule ikajitafutia kazi nyingine: 1972 ikawa IDM (Institute of Development Management), jina ambalo wazee wengine hawajaliacha mpaka leo, na 2001 ikawa chuo kikuu. Getini bango limebadilika mara zote hizo. Nje ya geti ndizi zinauzwa vilevile.

Haya, chuo kimepandisha bei ya viwanja, na bodaboda wanapata abiria. Nimekubali, tusichoshane.

Lakini Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya Korona, watu walifungasha mabegi siku moja, na madeni yakapanda basi pamoja nao. Wenye vyumba wakabaki na funguo. Vyuo vikafunguliwa Juni, na sikusikia mtu yeyote mwenye tai akiuliza daftari lile lilinusurikaje.

Siku ile niliposhuka nilipita kwa yule mama lishe wangu. Kazeeka kidogo, sauti ileile. Nilitaka kujua kama bado nadaiwa, maana mwaka wa mwisho niliondoka haraka haraka, tuseme hivyo. Akacheka, "Mwanangu, daftari lako lilishawashia moto." Nikachomoa elfu kumi, akaipokea bila kunibembeleza. Pembeni kijana wa mwaka wa kwanza alikuwa anajikunakuna kichwa mbele ya sufuria.

"Chukua sahani," akamwambia. "Kalamu hiyo hapo, jiandike mwenyewe."