Bandari ya Kale Isigeuzwe Pambo

Mgeni akija Mombasa hupelekwa Fort Jesus, akapiga picha mizinga, akaondoka. Maji yaliyo chini ya ngome huyatupia jicho tu. Kwangu mimi huko ni kuangalia kufuli na kuisahau nyumba, kwa kuwa Wareno walipoanza kuijenga ngome mwaka 1593 walikuwa wanalinda mlango wa Bandari ya Kale, ndiyo maji hayo.

Na walipigania kweli. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Katikati ya masaibu hayo, mwaka 1697, manowari ya Kireno Santo António de Taná iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa ikazama papo hapo mbele ya ngome. Wapiga mbizi walianza kuifukua mwaka 1977, na baadhi ya vitu vyake vimo makumbushoni humo humo ngomeni. Wengi huvipita mbio wakikimbilia duka la vinyago.

Vita vyote hivyo vilifuata biashara, na biashara ilifuata upepo. Kaskazi ilileta majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, yamesheheni tende na mazulia. Kusi ikivuma yalirudi na boriti za mikoko za kuezekea nyumba katika nchi zisizo na miti. Kisha reli ikaanza kujengwa, mwaka 1896, zikaja na meli za moshi zilizotaka kina kirefu. Shughuli kubwa zikahamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, ambako leo ndiko kwenye winchi na makontena.

Ila Bandari ya Kale haijafa. Bado utaona jahazi limefungwa gatini, ubao umelazwa kutoka ubavuni, na mahamali wanaupanda mmoja mmoja, gunia begani, huku nahodha akiwafokea kutoka tezini. Harufu ni ya chumvi, dizeli na samaki mkavu. Kuna wanaotamani kuiondoa hiyo harufu wajaze mikahawa. Mikahawa ipo tele Nyali, jamani! Jahazi lililotiwa rangi likawekwa watalii wapige picha ni fanicha.

Kama pesa zipo, gati likarabatiwe, mahamali wapate kivuli na maji ya kunywa, na wakazi wa Mji wa Kale watengewe upande wa kuingia, wakae barazani watazame vyombo vikishusha.