Biriani 22 za Meza ya 9

Kabla sijaingia na ujuzi wangu, mgahawa ule wa Kariakoo ulikuwa unaendeshwa na kamba na vibanio vya nguo. Mhudumu anaandika oda kwenye karatasi, dada wa kaunta anaibana kwenye kamba pale dirishani, mpishi anaanza na ya kushoto kabisa. Basi. Nikamwambia bosi, "Huu ushamba, bosi wangu. Nipe wiki mbili." Akanipa, pamoja na nusu ya hela.

Wahudumu nikawapa vishikwambi, kisha nikafunga skrini tatu: kaunta, jikoni, na kwa kijana wa samaki pale nje. Oda haikuwa inatumwa kwa skrini mojamoja. Inapigwa mara moja kwenye anwani ya kundi, moja ya zile anwani za mtandao zinazoanza na 239, na skrini zote zinasikia. Mbiu ya mgambo hasa.

Sikuwa mjinga lakini. Nilijua Wi-Fi ujumbe wa mtu mmoja huusindikiza mpaka ithibitishiwe umefika, ila wa kundi huutupa hewani ikaenda zake. Kwa hiyo kila mtumaji alizipa oda zake namba, na skrini ikiona mtu katoka 40 karukia 42, inaomba irudishiwe 41. Nilipoimaliza hiyo nilijinunulia soda.

Jumapili ya pili ikaingia kamati ya harusi, watu 22, wakaunganisha viti meza ya 9. Biriani kwa wote. Mhudumu akabonyeza: namba 41. Sekunde hiyohiyo mpishi mkuu, mama wa Kitanga aliyenipenda kama mwanawe mpaka siku hiyo, alikuwa anapasha chai yake kwenye maikrowevu. Sasa maikrowevu hutumia masafa yaleyale ya Wi-Fi, gigahezi 2.4, na ya kwetu mlango wake ulikuwa unashikiliwa na selotepu. Kaunta ikapata oda. Kijana wa samaki akaiona. Jikoni kimya.

Huku nyuma mwenyekiti wa kamati kapiga hesabu, kainuka mwenyewe mpaka kaunta. "Dada, futa biriani. Tuletee ugali dagaa." Dada akafuta. Na ile "futa" imetoka kaunta, si kwa mhudumu, kwa hiyo ina namba ya kaunta: 17, baada ya 16, hakuna pengo. Jikoni ikaipokea vizuri tu, ikatafuta biriani ya kufuta, haikuiona, ikanyamaza. (Huo mstari wa "usipoiona nyamaza" niliuandika mimi, saa nane usiku.) Ikaja 18, ugali 22. Sawa. Kisha mhudumu akatuma soda za meza nyingine, namba 42, na hapo ndipo skrini ya jikoni ikashtuka: ala, 41 iko wapi? Ikaomba, ikaletewa. Biriani 22, meza ya 9, kwa herufi nyekundu.

Mama akaitazama. "Wameongeza," akasema. "Hawa wana njaa." Akafunua sufuria.

Niliziona zikipita mbele yangu, sinia kwa sinia, ugali mbele, biriani nyuma. Mwenyekiti akasimama. "Jamani, sisi kamati au jeshi?" Bosi akaenda kusoma skrini ya kaunta: biriani imefutwa. Akaenda jikoni: biriani imeagizwa. Akanitazama mimi. Wanakamati, Mungu awabariki, wakala vyote na kulipia ugali.

Usiku nikarudi kwa Leslie Lamport, mwanasayansi wa kompyuta aliyeandika mwaka 1978 kwamba kwenye mtandao usihangaike na saa, uliza lipi limetangulia lipi. Ile "futa" isingezaliwa bila biriani. Ilitakiwa ije na cheti chake: mimi nimekuja baada ya 41 ya mhudumu, ningojeni. Ken Birman na wenzake wa chuo kikuu cha Cornell walishalimaliza jambo hili miaka ya 1980 na mfumo wao wa kutuma ujumbe kwa kundi, ulioitwa ISIS, ukatumika mpaka soko la hisa la New York. Mimi nimeangushwa na dagaa.

Nikaweka vyeti. Wiki hiyohiyo samaki wa mwisho, changu, akauzwa mara mbili. Oda mbili zilitoka kwa pamoja, hakuna iliyozaliwa na mwenzake, vyeti vyote safi; kaunta ikasikia meza ya 4 kwanza, kijana wa samaki akasikia ya 6. Meza ya 4 wakalipa, ya 6 wakala.

Basi nikaweka kikompyuta pale kaunta chenye kazi moja: kila oda, ya yeyote, ipite kwake ipewe namba moja ya wote, na skrini isiguse 113 kabla ya 112. Siku nne, raha mustarehe. Ya tano, saa saba mchana, watu wamejaa, skrini zote zikaganda. Nikaja na bodaboda, roho mkononi. Dada wa kaunta alikuwa amechomoa plagi achaji simu.

"Nilijua ni redio, kaka. Mbona ilikuwa hailii?"

Nikakimbilia jikoni kuomba radhi. Hakuna aliyekuwa ananisubiri. Mama kaishafunga kamba yake dirishani, karatasi zimejipanga, sahani zinatoka. Ya kushoto kabisa ilikuwa na mwandiko wa bosi: "Biriani 22. Analipa fundi."